Ngazi na Mlango wa Pili: Historia ya Mashindano ya Kanda katika Mpira wa Kikapu, kutoka Big East hadi Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Historia ya michezo ya shule na vyuo huandikwa mara nyingi kwa majina ya mabingwa. Bingwa ana kikombe, picha na tarehe. Aliyetolewa katika hatua ya pili hana kumbukumbu. Makala haya yanafuata njia tofauti. Yanachunguza ngazi yenyewe ambayo bingwa aliipanda: nani aliyepanga vidato vyake, nani aliyeruhusiwa kukanyaga kidato cha kwanza, na nini kilimpata yule aliyeteleza.

Mifano miwili inalinganishwa. Wa kwanza ni mashindano ya jumuiya ya vyuo vikuu vya Marekani iitwayo Big East, yaliyoanza mwaka 1980. Wa pili ni mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania, kama yanavyofika Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Kwa kutazama juu juu, mifano hii haifanani hata kidogo. Mmoja huchezwa katikati ya jiji la New York mbele ya kamera za televisheni; mwingine huanzia kwenye viwanja vya shule ambavyo mwalimu wa michezo huvichora mistari kwa chokaa au majivu. Hata hivyo, ipo sababu ya kihistoria ya kuiweka pamoja. Kijana wa Kitanzania, Hasheem Thabeet, alisimama katikati ya mchezo mrefu kuliko yote katika historia ya Big East, na njia iliyomfikisha pale haikupita katika ngazi ya nchi yake.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba thamani ya mashindano ya kanda haipimwi kwa bingwa anayepatikana, bali kwa mlango wa pili unaoachwa wazi kwa aliyeshindwa. Hoja ya pili ni kwamba mipaka ya kanda huchorwa mara nyingi kwa sababu zisizohusu michezo, na wachezaji ndio wanaobeba matokeo yake.

2.0 Chimbuko la Mashindano ya Jumuiya za Vyuo

Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwezi Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Ulikuwa mchezo wa ndani ya jengo, uliokusudiwa kuwashughulisha vijana wakati wa baridi kali. Asili hiyo ina uzito katika historia yake ya baadaye, kwa kuwa mchezo uliozaliwa juu ya sakafu ya mbao hauwezi kuhamia popote bila kudai sakafu ngumu.

Vyuo vya Marekani vilijipanga mapema katika jumuiya za ujirani. Vyuo vilivyokaribiana kwa safari ya treni vilikubaliana kukutana kila mwaka, kufuata kanuni moja na kugawana mapato ya milangoni. Mashindano ya Southern Conference, yaliyoanza mwaka 1921 mjini Atlanta, ndiyo ya kale zaidi kati ya mashindano ya jumuiya hizo. Mashindano ya taifa ya NCAA yalikuja baadaye, mwaka 1939, yakiwa na timu nane tu. Kwa hiyo kanda ilitangulia taifa. Taifa lilipokuja, liliomba kila kanda ilete mwakilishi wake.

Utaratibu huo wa mwakilishi mmoja ulionekana kuwa wa haki hadi tarehe 9 Machi 1974. Siku hiyo, katika fainali ya jumuiya ya Atlantic Coast mjini Greensboro, Chuo Kikuu cha North Carolina State kiliifunga Maryland kwa pointi 103 kwa 100 baada ya muda wa nyongeza. Zote mbili zilikuwa miongoni mwa timu bora kabisa nchini. Kwa kuwa kanda ilikuwa na nafasi moja, Maryland ilirudi nyumbani na mlango wa taifa ukafungwa, ilhali mshindi wake alikwenda kutwaa ubingwa wa nchi. Izingatiwe pia kwamba Greensboro iko katika jimbo la mshindi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika mashindano ya mtoano, mcheza kwao huweza kutunzwa mwaka mzima wa jasho la mwenzake.

Mwaka uliofuata, 1975, mashindano ya taifa yaliongezwa hadi timu 32, na jumuiya moja ikaruhusiwa kutoa timu zaidi ya moja. Mwaka 1985 timu zilifika 64. Mabadiliko haya ndiyo yanayoitwa hapa mlango wa pili. Tangu hapo, kushindwa katika mashindano ya kanda hakukuwa tena hukumu ya mwisho. Kamati ilitazama msimu mzima, na timu iliyoonekana kustahili ilipita hata kama ilipoteza siku moja.

3.0 Big East, 1979–2009

Big East iliundwa mwaka 1979 kwa juhudi za Dave Gavitt, aliyekuwa kocha wa chuo cha Providence. Vyuo saba vya mwanzo vilikuwa Providence, St. John's, Georgetown, Syracuse, Seton Hall, Connecticut na Boston College. Vingi kati yake vilikuwa vyuo vya Kikatoliki vya mijini, visivyo na viwanja vikubwa wala utajiri wa vyuo vya majimbo. Gavitt alitambua kwamba ukaribu wa miji mikubwa ya kaskazini-mashariki ungeweza kuuzwa kwa televisheni, na mwaka huohuo kituo cha ESPN kilianza kurusha matangazo.

Mashindano ya kwanza yalifanyika Providence mwaka 1980, na Georgetown ikatwaa kikombe. Baada ya kuzunguka kwa miaka mitatu, mwaka 1983 yalihamia ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, ambako yamebaki. Miaka miwili baadaye mafanikio yalionekana wazi: kati ya timu nne za mwisho za taifa mwaka 1985, tatu zilitoka Big East, nazo ni Georgetown, St. John's na Villanova. Villanova iliifunga Georgetown 66 kwa 64 katika fainali.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki na Kati, historia hii ina majina mawili ya karibu. La kwanza ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefika Georgetown mwaka 1987 kwa nia ya kusomea udaktari, akatoka mwaka 1991 akiwa mmoja wa walinzi mahiri wa pete waliopata kuonekana katika jumuiya hiyo. La pili ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechezea Connecticut kuanzia mwaka 2006 hadi 2009.

Tarehe 12 Machi 2009, katika robo fainali ya Big East, Connecticut ilikutana na Syracuse. Dakika 40 za kawaida ziliisha kwa sare. Ikaongezwa dakika tano, kisha nyingine, hata nyongeza zikafika sita na mchezo ukavuka usiku wa manane. Syracuse, ambayo haikuwahi kuongoza katika nyongeza yoyote kati ya tano za kwanza, ilishinda katika ya sita kwa pointi 127 kwa 117. Wachezaji walikuwa wamecheza dakika 70. Baada ya kishindo chote hicho, Syracuse haikutwaa kikombe. Ilifungwa na Louisville katika fainali.

Kilicho muhimu zaidi kwa makala haya ni yaliyofuata upande wa aliyeshindwa. Connecticut ilipangwa miongoni mwa timu nne za juu za mashindano ya taifa, ikafika hatua ya timu nne za mwisho. Thabeet alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa Big East wa mwaka huo, pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Mwezi Juni alikuwa wa pili kuchaguliwa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, na Memphis Grizzlies ikamchukua. Kama utaratibu wa mwaka 1974 ungekuwa bado unatumika, usiku ule ungekuwa mwisho wa msimu wake. Mlango wa pili ulimpitisha.

4.0 Ngazi ya UMISSETA

Ngazi ya Tanzania ilijengwa kwa mantiki nyingine. Baada ya uhuru, serikali iliiona michezo kama chombo cha kujenga taifa, na mwaka 1967 Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria. Michezo ya shule ilipangwa kufuata ramani ya utawala: shule, kata au tarafa, wilaya, mkoa, na hatimaye taifa. Kwa kipindi fulani mikoa kadhaa iliunganishwa katika kanda kabla ya hatua ya taifa. Baadaye kila mkoa ukawa unajiwakilisha wenyewe.

Tofauti kubwa kati ya ngazi hii na ile ya Marekani iko katika swali dogo: ni nani anayepanda? Katika Big East, kinachopanda ni chuo. Katika ngazi ya shule za Kenya vilevile, kinachopanda ni shule, kuanzia eneo hadi kaunti na taifa. Katika UMISSETA, anayepanda ni mchezaji. Shule zikishindana, walimu huteua wachezaji bora kutoka shule zote, waliofungwa pamoja na waliofunga, wakaunda timu ya wilaya. Timu za wilaya zikishindana, timu ya mkoa huteuliwa kwa namna hiyohiyo. Vijana wasiofahamiana huwekwa kambini, hufundishwa kwa siku chache, kisha huvaa fulana moja yenye jina la mkoa.

Kwa mtazamo wa haki, mpango huu ulikuwa na mlango wa pili tangu mwanzo. Msichana wa shule iliyofungwa pointi 40 katika hatua ya kata angeweza kuitwa kambini kwa sababu mwalimu mmoja alimwona akipora mpira na kupiga pasi sahihi. Maryland ya mwaka 1974 isingetupwa nje yote. Wachezaji wake watatu au wanne wangesafiri na mshindi. Hapa ngazi ya Tanzania iliizidi ya Marekani kwa huruma na kwa akili.

Hata hivyo, mlango huo ulikuwa na mlinzi ambaye ngazi ya Marekani haikumtegemea, naye ni jicho la mteuzi. Chuo kinachoshinda hupita hata kama hakuna anayekipenda. Mchezaji anayeteuliwa lazima kwanza aonekane, na ili aonekane lazima afike.

Ngazi hiyo pia iliweza kuondolewa yote kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano ya michezo shuleni kwa hoja kwamba yalikuwa yakila muda wa masomo. Yalirejeshwa katika awamu ya nne. Elimu ya sekondari ya kawaida ni miaka minne. Ngazi ikikosekana kwa muda unaokaribia huo, kizazi kizima cha wanafunzi huingia na kutoka shuleni bila kukanyaga kidato hata kimoja. Thabeet, aliyezaliwa mwaka 1987 na kusoma Makongo, alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, yaani katika kipindi hichohicho. Alimalizia sekondari mjini Houston. Aliyefika juu alifika kwa njia ya pembeni, na njia za pembeni huanzia mijini, penye viwanja, vilabu na watu wanaosafiri.

5.0 Umatengo na Mwambao: Jiografia ya Kuonekana

Mbinga iko katika nyanda za juu za Wamatengo, eneo la kahawa na la kilimo cha ngoro, ambalo vilele vyake hukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwambao wa Ziwa Nyasa uko chini, takriban mita 475, penye uvuvi wa dagaa, mihogo na mpunga. Kati ya mji wa Mbinga na Mbamba Bay kuna kilomita 66 tu za barabara, lakini kilomita hizo ni mteremko wa milima. Kabla ya lami, mvua iliweza kuzigeuza kuwa safari ya siku nzima, au safari isiyokuwepo kabisa.

Kabla ya ramani ya mikoa, watu wa sehemu hizi mbili walikuwa katika kanda tofauti zilizochorwa na misheni. Nyanda za juu zilielekea Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, na vituo vyake kama Kigonsera. Seminari ya Kigonsera ilipokea vijana hata kutoka mbali: Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, alisoma hapo. Mwambao ulielekea ziwani. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na makao yake katika kisiwa cha Likoma tangu mwaka 1885, na meli yake Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, iliunganisha vituo vya pwani zote mbili. Mpaka dayosisi ya Kusini-Magharibi ya Tanganyika ilipoundwa mwaka 1952, mtu wa Liuli alihesabiwa kanisani pamoja na watu wa Nyasaland. Kijana wa mwambao alijua zaidi habari za ng'ambo ya maji kuliko za mlimani.

Ramani ya utawala iligeuza uso wa mwambao. Chini ya wilaya moja ya Mbinga, shule za Lituhi, Liuli na Mbamba Bay zilipaswa kupanda mlima ili kukutana na shule za Umatengo. Meli za abiria kama MV Songea zilipita pwani kutoka Itungi hadi Mbamba Bay, zikawafaa wasafiri wa mwambao wenyewe, lakini hakuna meli inayopanda mlima. Nauli ya lori, chakula cha kambi na posho ya mwalimu vilikuwa sehemu ya mchezo kama mpira wenyewe. Aidha, hatua za wilaya na mkoa huangukia katikati ya mwaka, kahawa inapoanza kuiva Umatengo na mikono ya vijana inapohitajika nyumbani. Mzazi aliyemruhusu mtoto kwenda kambini alikuwa ametoa mchango ambao hauandikwi katika taarifa yoyote.

Mpira wa kikapu uliteseka zaidi ya michezo mingine. Soka huchezwa popote palipo na uwazi. Pete huhitaji nguzo mbili na hairuhusu kudunda. Kikapu hudai uwanja mgumu wa mita 28 kwa 15, ubao imara, na pete iliyofungwa mita 3.05 kutoka ardhini. Katika mchanga wa mwambao mpira haudundi. Katika udongo mwekundu wa Umatengo hudunda kiangazi na kuzama masika. Kwa hiyo mchezo ulibaki katika shule chache zenye saruji, na mteuzi aliyetafuta wachezaji alijua tayari, kabla hajatazama, atawapata wapi.

6.0 Mipaka Iliyochorwa kwa Sababu Nyingine

Mwaka 2012 wilaya ya Mbinga iligawanywa, ikazaliwa wilaya ya Nyasa yenye makao Mbamba Bay. Mwaka 2015 Mbinga yenyewe ikawa na halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Sababu zilikuwa za utawala: kusogeza huduma, kurahisisha usimamizi, kugawa mapato. Hakuna aliyegawa wilaya kwa ajili ya mpira wa kikapu.

Karibu na wakati huohuo, mwaka 2013, Big East ilivunjika. Fedha za mpira wa miguu wa Kimarekani ziliwavuta Syracuse na Pittsburgh kwenda Atlantic Coast. Vyuo saba vya Kikatoliki vikajitenga, vikabaki na jina la Big East na ukumbi wa Madison Square Garden, na kuwakaribisha wengine watatu. Connecticut iliachwa nje ya jina ililosaidia kulijenga, ikarudi mwaka 2020. Uhasama uliozaa usiku wa nyongeza sita ulikatwa na mkataba ambao haukuutaja mpira wa kikapu kama sababu yake.

Matukio haya mawili yanatoa funzo moja kwa njia zinazopingana. Marekani, mpaka mpya uliwatenganisha waliokuwa wakikutana. Ruvuma, mpaka mpya uliwapa watu wa mwambao kidato cha kwanza kilicho karibu na nyumbani. Hesabu yenyewe ni rahisi. Timu ya kikapu kwa kanuni za kimataifa ina wachezaji 12. Kwa kipimo hicho, ilipokuwa wilaya moja, nyanda za juu na mwambao viligombea nafasi 12. Halmashauri zikiwa tatu, nafasi zinakuwa 36. Mlango wa hatua ya pili umepanuka mara tatu.

Mlango wa hatua ya tatu, hata hivyo, haukupanuka. Mkoa wa Ruvuma una halmashauri nane, kutoka Nyasa hadi Tunduru, umbali unaozidi kilomita 400, na bado timu yake ina wachezaji 12. Vijana wengi zaidi sasa hufika ukingoni mwa ngazi na kusimama hapo. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imepunguza saa za safari, lakini haijajenga sakafu ya kudundia mpira. Ni kosa la kiuchambuzi kudhani kwamba barabara na mpaka mpya vinatosha. Vinamfikisha mchezaji mbele ya jicho la mteuzi, lakini jicho hilo bado humpima kwa ujuzi unaopatikana penye saruji.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mashindano ya kanda yana kazi mbili zinazovutana: kumpata mmoja na kutowapoteza wengine. Marekani ilitimiza kazi ya kwanza kwa zaidi ya miongo mitatu kabla ya fainali moja ya Greensboro kuilazimisha itazame ya pili. Tanzania ilianza na ya pili, kwa kumteua mchezaji badala ya shule, lakini haikumpa kila mchezaji mahali pa kuonekana, na kwa miaka kadhaa ikaiondoa ngazi yenyewe.

Kutokana na uchambuzi huo, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, uteuzi wa mchezaji mmoja mmoja ni urithi wa kulindwa, si udhaifu wa kuondolewa kwa kuiga majirani. Pili, ili urithi huo ufanye kazi, wateuzi wa mkoa wanapaswa kushuka hadi hatua ya halmashauri, badala ya kungoja halmashauri zipande kwao. Tatu, uwanja mmoja wa saruji kwa kila tarafa ya mwambao ungebadilisha orodha ya majina kambini kuliko kikombe chochote kinachotolewa Songea.

Katika ukumbi wa New York, kijana wa Kitanzania alishindwa saa saba usiku na msimu wake ukaendelea. Kwa mwanafunzi wa Liuli, kushindwa katika hatua ya kata bado kunaweza kuwa mara yake ya mwisho kutazamwa na mtu mwenye kalamu. Umbali kati ya hali hizo mbili haupo katika vipaji vya vijana hao. Umo katika vidato vilivyowekwa na vile ambavyo havijawekwa.